Vazi la Sultana Raihani na Mlango Ulioshonwa

Katika mji wa Zahirani, mji wa wafumaji na watia rangi, wenye milango mitano na kuta za chokaa nyeupe hata adhuhuri huwezi kuzitazama, alitawala Sultani Mudathiri bin Kaisani, naye alikuwa mfalme mwenye insafu na hasira za karibu, na hazina yake ilijaa dhahabu kama hazina za wafalme wenziwe, lakini alichokionyesha kwa wageni kwa fahari hakikuwa dhahabu. Kilikuwa ni Nyumba ya Libasi.

Nyumba hiyo mababu zake waliijenga ubavuni mwa kasri, na madirisha yake yote waliyaelekeza kaskazini ili jua lisipaushe rangi, na ndani yake mlikuwa na mavazi tisini na matatu, kila moja limevishwa sanamu la mti wa msandali lisilo na uso, na kila moja liliwahi kuvaliwa na malkia au binti mfalme au bibi harusi aliyetajika. Palikuwa na gauni la Sultana Jauhari, lililodariziwa kwa mbawa za kereng'ende, na mtu akipita karibu nalo huvuma. Palikuwa na vazi la eda la Malkia Sumaiya, jeusi lisilotiwa rangi na mtu, kwani kitani chake kilifumwa cheupe na kikajigeuza chenyewe siku aliyofiwa. Na palikuwa na kanzu sita za fundi Barakati, yule aliyekataa kumshonea mwanamke yeyote asiyemchekesha, na ukizigusa mabegani unajikuta unatabasamu na hujui kwa nini. Kila Ijumaa baada ya sala milango ilifunguliwa, na watu wa mji, matajiri kwa mafukara, waliacha viatu nje na kupita wakitazama na kunong'ona, na wanawali waliokaribia kuolewa waliombea heri mbele ya mavazi yale.

Na vazi lililozidi mavazi yote lilikuwa la Sultana Raihani, mama wa ukoo, gauni la hariri yenye rangi ya komamanga lililoiva, lenye zari kifuani na mikono mipana kama mbawa za korongo. Lilikuwa na umri wa miaka mia nne, na nondo hakuwahi kulionja, wala ukungu kulishika, na watu wakasema ni baraka. Ilikuwa kanuni ya Zahirani kwamba binti wa sultani haozeshwi mpaka avae vazi hilo. Asipolivaa, hakuna kadhi wa kufungua kinywa.

Sasa katika mtaa wa watia nili alikaa mjane mmoja, jina lake Barke binti Musa, na kazi yake ilikuwa kutililia, yaani kuziba matundu ya nguo kwa sindano na uzi hata tundu lisijulikane lilikuwa wapi. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufumua magunia na kuyashona upya, akaendelea na mashuka, kisha na hariri, na alipofika umri wa miaka arobaini hapakuwa na mfano wake katika milango mitano yote. Ukimpa shuka iliyoliwa na panya, unarudishiwa shuka, na panya unamsahau. Lakini ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake. Mteja akileta ubishi, nguo yake hutupwa barazani. "Mimi neno langu ni moja," alikuwa akisema. "Likifaa nakwambia linafaa, lisipofaa nakwambia kalitandike punda. Sidanganyi mtu na sitaki kudanganywa."

Ikawa Sultani amemposesha binti yake wa pekee, Siti Nawali, kwa mwana wa mfalme wa Marjani, na harusi imewekwa Ijumaa. Vazi la Sultana Raihani liliposhushwa kutoka kwenye sanamu, likaonekana limechanika kidogo kwenye kiwiko, kwani bibi yake Siti Nawali alilikwaruza kwenye komeo siku yake ya harusi na akanyamaza. Basi msimamizi wa Nyumba ya Libasi, Bwana Idarusi, mtu mnene mwenye funguo nyingi na moyo mdogo, akaenda mwenyewe mtaa wa watia nili akamchukua Barke.

Siku tatu Barke alilishona lile vazi kwenye dirisha la kaskazini, na kila mshono aliutanguliza kwa Bismillahi, kwani ndivyo alivyozoea tangu magunia. Kiwiko kikawa kizima. Siku ya tatu, alipokuwa akiukagua upindo kwa vidole kama mtu anayesoma, akafika upande wa kushoto, karibu na kisigino, akakuta mwanya. Urefu wa kidole kimoja, haujashonwa. Haukuchanika wala haukufumuka. Uliachwa wazi tangu mwanzo.

"Lo!" akasema kwa sauti. "Miaka mia nne wanalisifu, kumbe fundi wake alichoka upindoni!"

Na ghadhabu ikampanda, kwa sababu hakuna kilichomuudhi Barke kama kazi isiyomalizwa. Akachomoa uzi wa hariri kutoka ndani ya pindo la vazi lenyewe, ili uwe wa rangi ile na umri ule, akaushona ule mwanya, Bismillahi, Bismillahi, mishono midogo kama mayai ya chawa, akausugua kwa ukucha, na mwanya ukatoweka. Akarudi kwake, akala, na nafsi yake ikaridhika.

Siku ya Jumanne asubuhi, vijakazi walikwenda kumjaribisha Siti Nawali vazi lake, na wawili hawakuweza kuliinua. Wakaja wanne. Gauni lilikuwa zito kama jiwe la kusagia, na Siti Nawali alipoingiza mkono katika mkono wa gauni, ukambana, ukamsukuma nje, kama mtu anayekataa kupeana mkono na adui. Kisha kutoka upindoni ikasikika chafya.

"Bwana Idarusi," akasema Siti Nawali, naye alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa asiyeogopa upesi, "gauni limepiga chafya."

"Haiwezekani, Seyyida."

"Basi liombee rehema, liambie yarhamukallah, pengine litanyamaza."

Bwana Idarusi akaketi chini bila kukusudia.

Habari ikamfikia Sultani, na Sultani akaja na hasira zake, na Barke akaletwa mbele yake, na alipoulizwa nini alichokifanya, akajibu sawasawa: amekitililia kiwiko, na ameuziba mwanya wa upindo ambao fundi wa kwanza aliusahau.

"Nani alikwambia uuzibe?"

"Hakuna, Maulana. Niliona kasoro nikaitengeneza."

"Sikiliza, ewe mwanamke," akasema Sultani Mudathiri, na sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Wageni wa Marjani wako njiani. Nakupa mpaka Alhamisi, alasiri. Binti yangu akiwa ndani ya vazi hilo kabla ya adhana, umesalimika. Asipokuwa, sikufungi wala sikupigi, lakini sindano ni haramu kwako katika milango mitano ya mji huu mpaka ufe, na atakayekuuzia uzi au kukupa nguo ya kushona, atahama naye."

Mtu mwingine angeshukuru kwamba hakukatwa kichwa. Lakini Barke aliona afadhali kichwa, kwa maana mume alishamzika, mtoto hakujaaliwa, na kila aliloweza kulisema duniani bila kugombana na mtu alilisema kwa sindano. Ukimwondolea hiyo, umembakishia ulimi peke yake.

Akafungiwa katika Nyumba ya Libasi pamoja na vazi. Akalisogelea, akapiga magoti penye upindo, akasema, "Aliyemo humo na aseme. Mimi si wa kuzungushwa."

"Wewe!" ikatoka sauti nyembamba, iliyojaa vumbi na chuki. "Ewe binti Adamu, una vidole wewe au una sumu? Umenifungia mlango wangu!"

"Mlango gani?"

"Mlango gani! Miaka mia nne natoka alfajiri nazunguka nyumba hii, nafukuza nondo, napuliza ukungu, narudi nalala. Mimi ni Kashuri, jini wa vazi hili, na aliyelishona aliniachia upenyo wa kidole kimoja kwa ahadi na kiapo. Sasa nimekaa humu siku nzima nimekunjwa kama leso, na hasira inanivimbisha, na nikivimba vazi linakuwa zito. Nifungulie!"

Barke akasikia uso unamwaka moto. Hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa urahisi, lakini haki ilikuwa haki. "Kumbe nimekukosea," akasema. "Hukuweza kukata uzi wewe mwenyewe?"

"Umeusomea Bismillahi kila mshono! Nitaugusaje? Huo uko mikononi mwako peke yako."

"Basi subiri. Nitaufumua sasa hivi."

Akashika sindano, akainama, akatafuta mshono wake. Hakuuona. Akageuza upindo ndani nje, akausogeza kwenye mwanga, akafumba macho na kupapasa kwa ncha za vidole. Hakuuona. Uzi ulikuwa wa vazi lenyewe, na mishono ilikuwa sawa na mishono ya fundi wa kwanza, na mwanya ulikuwa umekwenda kama haukuwahi kuwapo, na hata upande wa kushoto ulikuwa mrefu, pima nzima ya hariri, na mahali popote hapo pangeweza kuwa ndipo au sipo. Alifumua mishono miwili akidhani ni yake, akaona ni ya fundi wa kale, akairudisha. Akatafuta Jumanne yote, akatafuta Jumatano mpaka mwanga ukaisha, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akatamani angekuwa fundi mbaya.

"Hukuacha alama?" akauliza Kashuri kutoka ndani.

"Sijawahi kuacha alama mahali popote. Hiyo ndiyo sifa yangu."

"Sifa! Basi wewe ni mwongo wa vidole."

Hapo Barke akasimama wima. "Mimi? Mwongo? Waulize watu wa mtaa wa nili! Hakuna aliyewahi kusikia uongo kinywani mwangu!"

"Sikusema kinywa, nimesema vidole. Unachukua nguo iliyochanika, unaiambia dunia haikuchanika. Mwenye kuja baada yako atajuaje lipi la fundi wa kwanza na lipi lako? Nenda katazame wenzio. Haya, nenda! Humu ndani mimi sina safari."

Barke akaenda kwa hasira, akitaka kumtoa yule jini makosa. Akageuza upindo wa gauni la kereng'ende, akaona raka ndogo iliyoshikiwa uzi wa samawati. Akageuza vazi la eda, akaona mahali pa kwapa pameungwa kwa uzi wa manjano, waziwazi, nadhifu. Kanzu za Barakati zilikuwa na mishono ya kijani. Mavazi yote, moja baada ya jingine, yalikuwa yamepita mikononi mwa watengenezaji, na kila mmoja wao alikuwa ameacha kwa makusudi uzi wa rangi nyingine, kama kusema: hapa nilipita mimi, kabla yangu palikuwa na mwingine, mimi si yeye. Na Barke aliwahi kuiona ile mishono siku ya kwanza alipopita, tena aliibeza, akisema moyoni mafundi gani hawa.

Akaketi sakafuni katikati ya mavazi tisini na matatu. Miaka ishirini na mitano alijidai kwamba hadanganyi, na kila siku ya miaka hiyo alikuwa akishona uongo mzuri kabisa. Akalia kidogo. Si sana, kwani hakuwa na mazoea.

Alhamisi baada ya adhuhuri akaja Bwana Idarusi akitweta, akafunga mlango nyuma yake, akasema kwa kunong'ona, "Dada yangu, nimepata dawa. Ghalani kuna hariri ya komamanga, jora zima. Wewe shona jingine. Zari tutachukua kwenye pazia. Huwezi kumaliza leo, sawa, lakini shona mbele tu na mikono, mbele ndiko watu wanakotazama, na mgongoni tutamwekea mtandio. Nani atajua? Wewe! Wewe ndiye wa kuweza jambo hili!"

"Bwana Idarusi."

"Naam."

"Ungeniambia hivi wiki iliyopita, ningekupiga na hicho kigoda. Leo sina haki ya kukupiga, maana nimeshafanya hayo hayo, tena bila kuambiwa. Lakini sitafanya mara ya pili. Nipelekee habari kwa Maulana kwamba naomba kuingia barazani, na vazi lije nami, na mkasi."

"Mkasi wa nini?" akauliza Bwana Idarusi, na rangi ikamtoka.

Vijakazi wanne walilibeba vazi mpaka barazani kwa Sultani, na mawaziri walikuwepo, na Siti Nawali alikaa kulia kwa baba yake, na mjumbe wa Marjani alikwisha fika akakaa kushoto, akitazama kwa macho makubwa. Barke akainama kwa adabu, akasimama, akasema:

"Maulana, Mungu akuweke. Vazi hili lilishonwa likaachiwa mlango, na ndani yake anakaa jini aliyelilinda miaka mia nne, na hiyo ndiyo mnayoiita baraka. Mimi nikaona mlango nikadhani ni uzembe, nikaushona. Na nikaushona kwa kiburi, vizuri mno, hata sasa mimi mwenyewe sioni nilipopita. Sina wa kumsingizia. Nikifumua upindo wote nitaipoteza kazi ya fundi wa kwanza, basi iliyobaki ni njia moja, nikate hariri yenyewe, na hariri ikikatwa haitarudi kuwa ile, na kovu litaonekana na kila mwenye macho. Sikutaka kukata kwa siri kisha niseme limechanika lenyewe. Vazi ni lenu. Mkisema nikate, nitakata. Mkisema nisikate, nachukua adhabu yangu na naenda."

Baraza lote likanguruma. Waziri mmoja akasema ni kufuru kutia chuma katika vazi la mama wa ukoo. Sultani alikuwa amesimama, na mshipa wa shingo umemtoka, na akamnyooshea Barke kidole, na neno lake lilikuwa tayari mdomoni.

"Baba," akasema Siti Nawali. "Mvaaji ni mimi. Mimi nitakayekwenda mbele ya watu na hilo kovu ndiye ninayepaswa kuulizwa, na hakuna aliyeniuliza."

Sultani akamgeukia. "Basi nakuuliza."

"Na akate. Afadhali nivae vazi lenye kovu kuliko nivae vazi lenye mfungwa."

Sultani akaketi, akainamisha kichwa mara moja kuridhia.

Barke akaweka mkasi penye upindo wa kushoto, juu kidogo ya ukingo, akasema Bismillahi, akakata. Urefu wa kidole kimoja. Sauti ya hariri ile ikikatika ilimwingia mpaka kwenye meno.

Na kwenye ule mkato ukatoka ukungu wa rangi ya komamanga, ukapanda hata dari, ukazunguka taa za baraza zikayumba, mjumbe wa Marjani akajificha nyuma ya mto, kisha ukungu ukashuka na kujikusanya ukawa kizee kimoja chembamba kama uzi, kirefu kama mkono tu, kimevaa subana ya shaba, kikinga kidole cha mshonaji, kichwani mahali pa kofia. Kikajinyoosha mgongo mpaka mifupa ikalia, kikapiga chafya tatu.

"Yarhamukallah," akasema Siti Nawali.

"Mungu akuongoze, mwanangu," akasema Kashuri, na uso wake ukalegea. "Wewe angalau una adabu. Bibi yako alinivaa akalalamika tangu asubuhi hadi isha kwamba kwapa linambana." Kisha akamgeukia Barke, na watu wote wakadhani sasa atamgeuza nyani au chura. "Ewe binti Adamu, ulinifungia, na hilo sitalisahau. Na umenifungulia mbele ya watu, ukiijua adhabu yako, na hilo nalo silisahau. Kanuni yetu majini ni kwamba atufunguaye hulipwa. Sema unachotaka. Nikuletee yakuti za Mlima Kafu? Nikutafutie mume?"

"Mume nilikuwa naye, nikamzika, nikamlilia, inatosha. Yakuti zinakwaruza hariri." Barke akafikiri. "Niambie kitu kimoja. Nani alilishona vazi hili? Nilimtukana, nikasema alichoka upindoni. Nataka nimjue jina nimwombe radhi."

Kashuri akabaki amemtazama. Akaivua subana kichwani, akaishika kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka, membamba kama nyuzi za buibui.

"Miaka mia nne," akasema. "Miaka mia nne wanakuja wafalme na wake wa wafalme na wageni wa mbali, wanauliza lilivaliwa na nani. Hakuna aliyeniuliza swali hilo. Aliitwa Mwanahija, mke wa mwoka mikate, alikuwa na jicho moja zima. Mimi nilikuwa mfungwa ndani ya kibweta cha nyuzi alichokinunua sokoni, na alinitoa bila kuniomba kitu. Alilishona vazi hili miezi saba. Na siku Sultana Raihani alipolijaribu, upindo ukiwa haujaisha, kabla hajajitazama kwenye kioo, alimshika Mwanahija mikono akaibusu, akasema ahsante. Mwanahija alirudi nyumbani akicheka peke yake barabarani kama mwendawazimu. Akaniambia, Kashuri, mtu huyu nataka asipatwe na baya ndani ya nguo yangu, yeye na wa baada yake. Nikaapa nitalinda, madamu mlango uko wazi na mvaaji anashukuru. Mlango mliuacha. Kushukuru mmeacha siku nyingi, nami nilibaki kwa ajili yake tu."

Barke akaweka kiganja juu ya upindo, akasema, "Mwanahija, mama yangu katika kazi, nisamehe. Hukuchoka. Ni mimi niliyekuwa sijui kusoma."

"Na hayo mengine," akauliza Sultani Mudathiri, na hasira zake zilikuwa zimekwenda zisijulikane zilikokwenda, "hayo tisini na mawili, mafundi wake unawajua?"

"Nawajua wote. Nilikuwa nawaona wakija na kwenda. Na waliotengeneza matundu pia."

Basi Sultani akaagiza waandishi waje pale pale, na Kashuri akaketi juu ya bega la Siti Nawali akataja jina baada ya jina, huyu alikuwa mtumwa wa jikoni, huyu alikuwa kigugumizi aliyezungumza na kitambaa tu, huyu alikuwa Barakati na jina lake la kweli lilikuwa Juma Kengeza, na kila jina likaandikwa ili lichongwe kwenye kibao mbele ya vazi lake, chini ya jina la mvaaji, kwa herufi zile zile na ukubwa ule ule.

Wakati waandishi wakiandika, Barke alikuwa amepiga magoti sakafuni. Aliuzungushia ule mkato uzi mweupe, mweupe kabisa juu ya hariri nyekundu, mishono mikubwa kiasi cha kuhesabika na mtoto, pembeni kote, asiuzibe, akauacha wazi kama dirisha lenye fremu. Kazi rahisi kuliko zote alizowahi kufanya, na jasho lilimtiririka. Alipokata uzi, jua lilikuwa limeinama lakini muadhini alikuwa hajapanda.

Siti Nawali akalichukua vazi kwa mkono mmoja, kwani sasa lilikuwa jepesi kama pumzi, akaingia nalo chumba cha pili, na alipotoka, watu wazima wakasimama, maana hariri ilimfuata kila alipoelekea kama kivuli kinachompenda. Hakwenda kwenye kioo. Akaja moja kwa moja akainamia upindo, akasema, "Mwanahija, ahsante. Kashuri, ahsante." Kisha akamgeukia Barke, akamshika mikono yote miwili, ile mikono yenye sugu na alama za sindano, akaibusu. "Na wewe, Bi Barke, ahsante. Nauona mshono wako. Ni mzuri."

Barke akafungua kinywa, na ulimi uliokuwa haujawahi kukosa neno ukakosa. Watu walikuwa wakimlipa na kuondoka, siku zote. Ni nani angeshukuru kwa kitu asichokiona? Na adhana ya alasiri ikapaa juu ya mji, na Sultani akasema, "Nilitoa neno langu nami nalishika. Sindano ni yako. Lakini nataka ije ishone hapa."

Harusi ikafanyika Ijumaa, na ngoma zikapigwa siku saba, na wanawake waliouona mshono mweupe unaomeremeta upindoni kila bibi harusi alipopiga hatua, wakauliza ni mtindo gani huo mpya, na kabla ya mwezi kuisha kila mwanamke wa Zahirani alikuwa anaomba wake. Barke akapewa nyumba yenye madirisha ya kaskazini na mashamba mawili ya pamba, akafanywa fundi mkuu wa Nyumba ya Libasi, na Bwana Idarusi akabaki na funguo zake, akimheshimu kwa umbali wa kigoda. Nguo zote alizozitengeneza tangu siku hiyo alizishona kwa uzi mweupe, na walioziona walimjua, na waliomjua walimsalimu njiani, naye akawajibu vizuri, si wote, lakini wengi.

Na mafundisho ya habari hii hayana kona. Kosa lako ulionyeshe ulipolifanyia, wala usilipige pasi likaonekana halikuwapo. Na ukivaa, ukila, ukilala mahali pakavu, kumbuka kuna mkono uliotangulia, uulize ni wa nani, ushukuru. Hapo ndipo uzi wa simulizi hii ulipofika, nami naufunga fundo kwa rangi yake. Mungu awarehemu wote waliotuvisha tukiwa hatuwajui, na atujaalie kuwajua.